Weka Mkono, Shemeji

Watu wengi wakiona injini ya boti inakojoa wanaridhika. Kile kijito chembamba kinachoruka ubavuni mwa injini, mafundi wanakiita mkojo, na maana yake pampu inavuta maji na kuyazungusha ndani ili chuma kisiungue. Mteja akishaona mkojo anacheka, anapiga hodi mfukoni, anataka achukue mali yake aondoke. Fundi hakucheka. Alivua glovu ya kulia, akaulaza mkono juu ya kichwa cha injini, kule inakopata moto kwanza, akanyamaza. Ungedhani anampima homa mtoto wa mtu.

"Mkojo unaweza kukudanganya," alisema. "Mimi nataka kuusikia mwili."

Sitamtaja jina. Hata kwenye simu yangu nilimwandika Fundi, na wajukuu zangu walimwita Anko Fundi, wakidhani ndilo jina lake la kuzaliwa. Tulikaa naye nyumba moja huku ughaibuni, pale Mount Dennis, nyuma ya barabara ya Weston. Juu nilikaa mimi, binti yangu na wajukuu, katikati alikaa mwenye nyumba, mzee wa Kijamaika, na besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, ilikuwa ya Fundi. Uani aliweka pipa la bluu, la plastiki, lililokatwa juu. Dirisha langu la jikoni lilitazama pale pale. Miaka yote ile nilisukuma chapati nikimwangalia mwanaume anapapasa vyuma.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufua mashuka ya mahoteli, kwenye kiwanda kule karibu na uwanja wa ndege. Injini zilikuwa za Jumamosi na Jumapili. Theluji ikishayeyuka, Wazungu wenye nyumba za mapumziko kule kaskazini wanaanza kuleta injini zao za zamani, zile ambazo maduka yameshazikataa. Fundi alizipenda hivyo hivyo zilivyo zimezeeka. Mpya alisema zinaongea sana, zina taa na kengele, zinakuambia zenyewe zinaumwa wapi. Ya zamani haina mdomo, inabidi uishike.

Na alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Kwanza anatoa propela isije ikamwaga maji yote. Anaishusha injini pipani mpaka maji yapande juu ya pampu, maana pampu ile ina mpira ndani, na mpira ukizunguka mkavu dakika moja tu unaungua, nawe umerudi ulikoanzia. Anawasha. Anaangalia mkojo, kama ni hafifu anachokoa tundu kwa kipande cha mshipi wa kuvulia, maana mara nyingi ni nyigu tu amejenga humo. Halafu ndipo anapoweka mkono na kungoja. Mwanzo chuma baridi. Kisha kinaanza kupata joto, kinapanda, na hapo mteja anaanza kuhema, lakini Fundi anangoja kile kimlango kidogo cha ndani, thamostati, kifunguke na kuruhusu maji yapite kichwani. Kikifunguka joto linatulia. Kisipofunguka, mkojo unaendelea kutoka vizuri tu, na kichwa kinaungua huku wewe unatabasamu.

Basi tena kuna kitu kingine. Maji ya pipa nayo yanapata moto injini ikikaa humo muda mrefu, na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo anazima, anamwaga, anajaza upya, anaanza tena. Mwenye nyumba alimlalamikia bili ya maji mpaka akachoka. "Huyu mtu anaosha samaki gani huko uani?" aliniuliza kwa Kiingereza chake cha Jamaika, ambacho mimi nilikielewa kuliko cha Wazungu.

Siku moja nilimshukia na sahani ya chapati, nikamwambia nami nijaribu. Nikaweka kiganja.

"Vuguvugu," nikasema.

Akaweka wake, akauondoa haraka, akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, mkono wako umekufa zamani. Unageuza chapati bila kijiko miaka arobaini. Ukisema wewe ni vuguvugu, mwenzako anaota malengelenge."

Aliniita shemeji ingawa marehemu mume wangu hakumjua. Nilimuuliza ushemeji huo umetokea wapi. Akasema katika nchi hii ya baridi mtu anajigawia ndugu mwenyewe, hangoji kugawiwa.

Msinione namsifu mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mchafu. Alipika wali ukawa uji kwa juu na makaa kwa chini. Na gari lake, mtu yule aliyekesha kwa ajili ya maji ya injini za wengine, gari lake lilichemka kila kiangazi. Tulikuwa tunakwenda sokoni, tumefika barabara ya Eglinton katikati ya foleni, moshi mweupe huo. Watu wanapiga honi. Nikamuuliza, "Fundi, ulitia maji?"

Akasema, "Hili ni gari tu, shemeji. Likifa tunashuka tunatembea."

Nilicheka siku ile. Sikuelewa alichosema mpaka baadaye.

Tena aliogopa maji. Wateja walimwalika ziwani wakajaribu injini zao, akafika nao mpaka ukingoni, akasimama juu ya saruji, mikono mfukoni, akiwasikiliza kwa mbali. Hakukanyaga boti. Nilipotaka kuwapeleka wajukuu visiwani kwa feri, safari ambayo hata vichanga wanakwenda, alitusindikiza mpaka getini akasema atatungoja hapo hapo. Tulirudi jioni tukamkuta amekaa kwenye benchi lile lile, mfuko wa machungwa haujafunguliwa. Mjukuu wangu mkubwa, yule ambaye sasa ni nesi na mimi ndiye niliyemlea, asiniambie mtu, alimuuliza kwa Kiingereza kama hajui kuogelea. Fundi akamjibu kwa Kiswahili, "Najua sana." Mtoto akanitazama mimi. Mimi nikatazama machungwa.

Siku ya kumzika, padri alisema tumeagana na mtu wa maji. Nilicheka kanisani, mimi na hijabu yangu, watu wakageuka. Nilicheka kwa sababu nisingecheka ningelia kwa sauti.

Sasa niseme habari ya injini yenyewe. Katikati ya zote zile zilizokuja na kuondoka, kulikuwa na moja isiyoondoka. Ilikuwa ya zamani, rangi imebabuka, aliipata kwa mteja aliyetaka kuitupa. Aliifungua yote, akaisafisha kila kijia cha maji kwa siki na sindano, akatia mpira mpya, thamostati mpya, gasketi mpya. Ilikuwa ya binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, yuko Ukerewe, ana mtumbwi mkubwa wa kubeba watu na mizigo kati ya visiwa, na aliomba baba yake amtengenezee injini. Fundi alikubali. Tukajua wote nyumba nzima kwamba injini ile itaingia kwenye kontena ambalo watu wetu hulijaza na kulipeleka Dar kila mwaka.

Kontena la kwanza likaondoka, injini ikabaki. Akasema mkojo haumpendezi. La mwaka uliofuata likaondoka. Akasema anataka kubadilisha tena mpira, ule wa kwanza ulikuwa wa kampuni asiyoiamini. Mwaka mwingine akasema joto linapanda upesi mno. Nikamwambia, "Fundi, ya yule Mzungu uliipima mara mbili ukampa. Hii unaipima kila Jumapili kama misa."

"Ya yule Mzungu itamzungusha kwenye kidimbwi," akasema. "Ikimfia anapiga makasia anarudi kula."

Binti alipiga simu Jumapili. Sauti yake ilitoka kwenye spika ya simu mpaka kwangu juu. "Baba, vipi ile?" "Bado kidogo, mama." Miaka hiyo ikapita hivyo, bado kidogo, bado kidogo, na mtoto wa watu hakuchoka kuuliza.

Aliniambia yeye mwenyewe kisa chake, mara moja tu, mwaka ule umeme ulipokatika mji mzima. Ilikuwa magharibi, joto kali, wote tumetoka uani. Hapakuwa na taa ya kumwangaza usoni, nadhani ndiyo maana aliweza.

Kule kwao alikuwa fundi wa vyombo vyote vya pale kisiwani. Kulikuwa na boti moja ya abiria, injini yake ilileta shida ya maji, akabadilisha mpira wa pampu, akaiwasha ufukweni. Mkojo ukatoka mzuri, unaruka. Abiria wamejaa, mizigo imepakiwa, nahodha anapiga kelele wingu linakuja. Fundi akasema haya nendeni. Hakuweka mkono. Na mkewe alikuwa ndani ya boti ile, anakwenda kumjulia hali dada yake. Kichwa cha injini kilikuwa kimeziba kwa tope, maji yalitokea chini kabla ya kufika juu. Mkojo ulitoka safari nzima, walionusurika walimwambia, ulitoka vizuri mpaka injini iliponoki, ikazima katikati ya ziwa, na upepo ukaikuta boti ubavuni ukaipindua. Mkewe hakurudi.

"Binti yangu nilikuwa nimemshika mkono pale ufukweni, tukiwaaga," akasema. "Huu huu."

Akaunyoosha mbele yangu gizani, nami sikuuona, nikajua tu umenyooshwa.

Watu wa kisiwani hawakumpiga. Waliacha tu kumletea injini. Mtoto akabaki kwa bibi yake, yeye akaondoka, na kuondoka kwake kukamleta mbali kiasi hiki.

Mimi nina mdomo, na nilifikiri yule binti anamtesa baba yake makusudi. Jumapili moja Fundi alikuwa bafuni, simu ikalia, nikapokea. Nikamwambia, "Mwanangu, injini zimejaa Mwanza. Nunua. Mwache mzee apumue."

Akasema kwa adabu, "Mama, ninazo mbili. Sina shida ya injini."

"Sasa unataka nini?"

"Hapa bado wanasema. Wakitaka kumtukana mtu mzembe wanamtaja Baba. Mimi nataka nifunge injini aliyoitengeneza yeye, nipande nayo na watoto wangu, niende nirudi waone. Lakini aniambie mwenyewe ameipima. Siwezi kumsemea."

Nilimrudishia Fundi simu yake, sikumtania tena kuhusu misa.

Kiharusi kilimkuta kiwandani, katikati ya mashuka. Ilikuwa miaka ile walipoanza kuichimba Eglinton kwa ajili ya treni, basi linazunguka mji mzima, na mimi nilikwenda hospitali kila siku na ugali kwenye bakuli la kufunikwa. Alirudi anatembea na fimbo, mdomo umekaa vizuri, maneno yake yote anayo. Upande wa kulia ndio ulikuwa mzito.

Kiangazi kile nilikuwa jikoni nikasikia injini inawaka uani. Nikafurahi, nikasema mzee amepona. Nikaendelea na chapati zangu. Kisha nikasikia harufu, nikadhani nimeunguza. Nikaangalia kikaango, chapati nzuri. Nikatazama dirishani.

Fundi alikuwa amesimama na kiganja juu ya kichwa cha injini, uso wa kusikiliza, anangoja. Mkojo haukutoka hata tone, bomba lilikuwa limechomoka ndani. Sijui nilishukaje zile ngazi na miguu yangu hii. Nilimvuta, ngozi ikabaki kwenye chuma.

Akautazama mkono ule kama umeokotwa njiani. "Sikusikia kitu, shemeji," akasema. "Nilidhani bado ya baridi."

Bomba alilirudisha kwa mkono wa kushoto, wiki nyingi baadaye, akitukana kwa Kikerewe. Lakini hakuiwasha. Aliifunika na shuka la hoteli. Binti alipopiga alisema bado kidogo, na sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na ukuta.

Ndipo siku ninayotaka kuisema. Majani yalikuwa yameshaanguka, uani kote njano. Mwenye nyumba ameuza nyumba. Sisi tulikuwa tumepata mahali Flemingdon Park, kwenye magorofa, ghorofa ya juu, na Fundi walikuwa wamempatia kitanda katika nyumba ya wazee, chumba kimoja, hakuna ua. Kontena lilikuwa linafungwa Jumamosi ile. Alinigongea asubuhi kwa fimbo.

"Shemeji, nisaidie kuiwasha."

Nilijaza pipa kwa mpira wa bustani, mikono inakufa kwa baridi. Nikavaa koti la binti yangu, nikaikamata kamba ya kuwashia. Kuvuta kwa kwanza nilikaa kitako kwenye majani. Fundi akasema, "Unavuta kama unakamua mbuzi. Vuta kama umegombana naye." Nikagombana naye. Ikawaka. Moshi ukajaa uani, na mkojo ukaruka, mrefu, safi, ukapiga ukingo wa pipa.

Hakuutazama. Alinitazama mimi.

"Weka mkono."

"Mkono wangu umekufa, ulisema mwenyewe."

"Wangu umekufa zaidi. Weka."

Nikaweka. Baridi kwanza, ya chuma cha kulala nje. Kisha ikaanza kupanda. Fundi alikuwa amefumba macho, fimbo kifuani. Ikapanda mpaka nikaanza kuogopa, nikasema moyoni kama huu mkono wa chapati unaona moto, basi ni moto kweli. Halafu ikatulia. Nilikisikia kile kimlango kinafunguka, nawaapia, kama mtu ameshusha pumzi chini ya kiganja changu, na joto likakaa pale pale, haliongezeki.

"Imetulia, Fundi."

"Kiasi gani?"

"Kama tumbo la mtoto aliyeshiba akalala."

Akafumbua macho. "Basi ndivyo ilivyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka wa kwanza."

Nikamwangalia. Miaka yote ile. Makontena yote yale.

Nilitoa simu yake kwenye koti lake nikampigia binti, nikaweka spika, mkono mmoja bado uko juu ya injini. Akapokea, nyuma yake watu wanapakia kitu, kuna kelele.

"Mwanangu, tuko uani," nikasema. "Injini inaunguruma, sikiliza. Imepimwa. Ni nzima. Jumamosi inaingia kwenye kontena."

Zile kelele za nyuma yake zikapungua, kama ametoka pembeni.

"Kaipima nani, mama?"

Fundi alinitikisia kichwa. Akanionyesha mimi kwa kidole cha mkono wa kushoto, akasema kwa mdomo bila sauti: wewe, sema wewe. Mimi ningeweza kusema. Ni mimi niliyepima, isingekuwa uongo. Lakini nilikumbuka alichonieleza yule binti. Nikaisogeza simu mpaka kwenye mdomo wa Fundi.

"Baba," simu ikasema. "Upo hapo?"

Alikuwepo. Tulimsikia anapumua, mimi na yeye wa Ukerewe.

"Baba, sema tu wewe. Nitaifunga hivyo hivyo utakavyosema."

Mdomo wake ulifunguka. Niliona neno limefika mpaka kwenye meno. Nilisema moyoni, sema, mzee, sema, ni neno dogo. Akatazama pipa. Mvuke ulikuwa umeanza kupanda juu ya maji kwa ile baridi.

"Maji ya pipa yameshapata moto," akasema. "Kipimo hiki si cha kukiamini, mama. Ingebidi kumwaga, kujaza upya."

Mkojo ulikuwa unaendelea kuruka, mzuri, unapiga ukingo wa pipa.

"Haya, Baba," binti akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Pumzika. Ingia ndani, huko kwenu baridi."

Simu ikakata. Fundi akaniambia nizime, nikazima. Akageuka, akaanza kuzishuka ngazi za besimenti moja moja, fimbo kwanza, mguu mzito baadaye, akifuata ukuta. Nilingoja ageuke aniambie nimwage maji, tujaze tena. Nilikuwa tayari kujaza, hata vidole vikatike. Mlango ukafungwa.

Nilibaki na mkono wangu pale juu ya chuma. Kilikuwa bado na joto lile lile, la mtoto aliyelala. Sikutaka kuuondoa kabla halijaisha, na lilichukua muda mrefu kuisha.